Gari Lisilo na Mzinga: Vita na Matope kwenye Mpaka wa Busia na Tororo

Mwaka 1977 Kenya iliagiza kutoka Uingereza vifaru 38 aina ya Vickers Mk 3. Mwaka uliofuata ikaagiza vingine 38. Anayesimulia historia ya jeshi la Kenya hujumlisha, akapata 76, kisha akaendelea na habari nyingine. Lakini ndani ya oda hizo mbili mlikuwa na magari mengine saba, matatu katika oda ya kwanza na manne katika ya pili. Yana mwili wa kifaru, minyororo ya kifaru na deraya ya kifaru, ila hayana mzinga. Badala yake yana winchi yenye kebo nene ya chuma, na mbele yana jembe pana kama la tingatinga. Kazi yao ni kwenda pale kifaru kilipokwama, kilipoharibika au kilipopigwa, na kukitoa.

Kiswahili hakijalipa gari hili jina moja linalokubalika. Mimi nitaliita gari la kukwamua, kwa sababu hicho ndicho linachofanya. Ninataka kueleza kwa nini serikali yenye fedha kidogo na mahitaji mengi ilikubali kulipia gari moja lisilopiga risasi ya maana kwa kila vifaru kumi na kimoja hivi. Jibu langu nimelitafuta nyumbani, upande wa Busia ya Kenya, na kwa wajomba zangu Tororo, kwa sababu ardhi ya huku inalieleza jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote nilichosoma chuoni.

Kwanza mpaka wenyewe. Kabla ya 1902 hapakuwa na mpaka hapa. Nchi yote kuanzia Ziwa Victoria hadi karibu na Naivasha ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza waliuhamisha mkoa huo na kuuweka chini ya eneo ambalo baadaye likawa Kenya. Wasamia wakajikuta pande mbili, Wateso pande mbili, na ng'ombe wakaendelea kunywa maji palepale. Miaka sabini na minne baadaye, Februari 1976, Idi Amin aliitoa ramani ile ya zamani na kutangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, hadi karibu na Nairobi, kihistoria ilikuwa mali ya Uganda. Nairobi iliwaka. Julai mwaka huo, baada ya Waisraeli kuvamia uwanja wa Entebbe na kuwaokoa mateka, Amin aliilaumu Kenya kwa kuwasaidia. Kenya nayo ikayazuia mafuta na mizigo ya Uganda, ikamtaka awaondoe askari wake mpakani. Mkataba wa kutuliza mambo ulitiwa saini Agosti. Lakini waliokuwa wakipanga ulinzi wa Kenya walikuwa wamekwisha kuona kwamba vita vya vifaru katika Afrika Mashariki si hadithi tena. Amin hakuwa sababu pekee, maana Somalia nayo ilikuwa na vifaru vingi kutoka Urusi na ilikuwa ikidai ardhi ya kaskazini mashariki. Hata hivyo oda ya kwanza ilitolewa mwaka mmoja tu baada ya kelele zile za mpakani.

Sasa mfikirie kamanda wa vifaru anayetakiwa kupigana kati ya Busia na Tororo. Barabara kubwa za lami zinazovuka ni mbili, moja inapita Busia na nyingine Malaba. Nje ya barabara hizo kuna mashamba madogo, vijito, mabonde ya mafunjo, mto Sio upande wa kusini na mto Malaba upande wa kaskazini. Mvua kubwa huanza Machi na kurudi tena mwishoni mwa mwaka. Mabondeni kuna udongo mweusi wa mfinyanzi ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na wakati wa masika hugeuka kitu ambacho si maji wala si ardhi. Kifaru cha Vickers kina uzito wa takribani tani 40. T-55, ambacho Uganda ilikuwa nacho, kina tani 36. Minyororo mipana husaidia kuugawa uzito, lakini kuna kiwango cha matope ambacho hakuna mnyororo unaokiweza. Kifaru kikishalalia tumbo, minyororo huzunguka bure na kila mzunguko humchimbia kaburi lake.

Kukitoa si suala la kutafuta gari lenye nguvu zaidi na kuvuta. Mjomba wangu mmoja, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akivuta malori yaliyoanguka kwenye barabara ya Malaba, alinieleza hivi nilipomwuliza: "Mjomba, matope yananyonya. Lori la tani thelathini likikaa usiku mmoja kwenye tope, asubuhi haliko tani thelathini tena. Kwanza unachimba, unaingiza hewa chini. Ukivuta kabla ya kuchimba, unabaki na ekseli mkononi." Alichokuwa akisema ndicho wanachofundishwa mafundi wa majeshi. Nguvu inayohitajika kumtoa mnyama aliyezama inaweza kupita uzito wake mwenyewe. Ndiyo maana gari la kukwamua lina lile jembe mbele. Linapovuta, hulizamisha jembe ardhini na kulifanya nanga, ili winchi ifanye kazi bila gari lenyewe kuburutwa kuelekea kwenye shimo. Kebo hupitishwa kwenye kapi moja au zaidi, na kila kapi linaloongezwa huongeza nguvu na kupunguza mwendo. Mjomba ana makapi mawili, jiwe kubwa badala ya jembe, na mti wa mwembe pale unapopatikana. Tofauti kubwa ni kwamba yeye hapigwi risasi akiwa kazini, angalau si mara nyingi.

Hapo ndipo deraya inapohitajika. Lori la kawaida la kuvuta linaweza kumtoa T-55 kutoka mtaroni siku ya amani. Vitani, mtaro ule unatazamwa na adui, ambaye anajua kwamba kuna watu watakuja. Kifaru kingine kinaweza kufunga kebo na kuvuta, na hufanyika hivyo sana, lakini sasa vifaru viwili vimeacha kupigana badala ya kimoja, na mara nyingi cha pili huunguza klachi na kubaki palepale. Gari la kukwamua lipo ili hesabu hiyo isifanyike.

Jeshi la Amin ni mfano mzuri wa jeshi lililonunua mizinga na kusahau winchi. Kwenye karatasi lilikuwa la kutisha: T-55 kutoka Urusi, Sherman zilizonunuliwa Israeli, magari ya OT-64 kutoka Chekoslovakia, Ferret na Saladin za Uingereza. Kila jina katika orodha hiyo lilihitaji vipuri vyake na fundi wake. Waisraeli walifukuzwa Machi 1972. Wahindi wakafukuzwa kuanzia Agosti mwaka huo huo, na pamoja nao wakaenda wenye gereji na wauza vipuri wa Kampala, Jinja, Mbale na Tororo. Uingereza ilivunja uhusiano Julai 1976. Hivyo kila aliyeuza gari aliondoka na ufunguo wa sanduku la zana. Kifaru kilichoharibika katika jeshi la namna hiyo hakivutwi kwenda popote kwa sababu hakuna pa kukipeleka. Wanafunzi wenzangu hupenda kueleza kushindwa kwa Amin kwa ukatili wake na kwa chuki za makabila jeshini. Sikatai. Ila naamini ukosefu wa mafundi ulikuwa na uzito ambao insha zetu hazijaupa.

Vita vya Kagera vilianza mwishoni mwa Oktoba 1978, Uganda ilipovamia pembe ya Tanzania iliyo kaskazini ya mto huo. Tarehe 3 Novemba waliliripua daraja la Kyaka, wakimtumia mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe. Tanzania ilijibu kwa kukusanya kila chenye magurudumu, malori ya serikali, mabasi ya watu binafsi na magari ya mashirika, na kuyapeleka Kagera wakati wa mvua. Kabla mwezi haujaisha daraja la muda likawa limewekwa na Watanzania wakavuka. Kuanzia hapo, kwa kadiri ninavyoisoma, ilikuwa vita kati ya jeshi lililofungwa na barabara na jeshi lililotembea kwa miguu. Askari wa Amin walipenda kukaa ndani ya magari yao, kwenye lami. Watanzania walikuwa na vifaru vya Kichina na mizinga, pamoja na ile mitambo ya makombora ambayo Waganda waliiita Saba Saba, lakini sehemu kubwa ya jeshi lao ilipita porini kwa miguu, ikawazunguka wenye magari kutoka pembeni.

Lukaya ndipo hili lilipoonekana wazi. Barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala inapita hapo juu ya tuta katikati ya kinamasi cha mafunjo. Machi 10, 1979, msafara wa Waganda na Walibya wenye vifaru ulishuka kusini na kuisukuma nyuma brigedi ya 201 ya Tanzania. Usiku ule brigedi ya 208 ilizunguka kutoka upande wa kaskazini magharibi, na asubuhi ya tarehe 11 ikashambulia kutoka pembeni huku ya 201 ikirudi mbele. Walibya wapatao mia mbili waliuawa. Jaribu kuwaza dereva wa T-55 juu ya tuta lile. Mbele kuna kifaru kilichosimama, nyuma lori linalowaka, kushoto na kulia mafunjo. Hakuna adui aliyehitaji kumpiga. Kilichohitajika ni kumzuia aliye mbele yake, basi, na kama hakuna gari la kukisukuma pembeni kile kilichokufa, vilivyo hai vyote vimekufa pia. Katika njia nyembamba, kazi ya gari la kukwamua si kukiokoa kifaru kilichoharibika tu. Ni kuvifungulia njia vile vizima.

Huku kwetu vita vilikuwa vimefika wiki moja kabla ya Lukaya. Tarehe 2 Machi wapiganaji waliompinga Amin walitoka Kenya na kuishambulia Tororo, wakitafuta silaha na kutarajia kuwasha maasi. Sehemu ya askari wa kambi waliasi na kuungana nao. Kwa siku mbili tatu ilionekana kama mashariki yatamponyoka Amin. Kisha ndege zake na vikosi vitiifu vikarudi na kuwavunja kabisa. Shambulio hili hutajwa kwa sentensi moja, nami nadhani linastahili zaidi. Watu waliokuja kwa miguu kutafuta silaha wanaweza kubeba bunduki. Silaha nzito huhitaji dereva, mafuta, na mtu wa kuzivuta zinapokataa kuwaka. Kuiteka kambi ni jambo moja, kuondoka na kilichomo ni jambo jingine.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Jinja ilitekwa tarehe 22, bwawa la Owen Falls likiwa zima, na katika siku zilizofuata Watanzania wakaendelea kuja mashariki hadi Tororo. Wengi wa askari wa Amin walikimbilia kaskazini, Sudan na Zaire, lakini wako waliokuja mpakani huku. Nyanya yangu alikuwa na duka dogo karibu na njia. Anakumbuka magari zaidi kuliko anavyokumbuka watu: magari madogo ya kifahari, malori ya kampuni, hata gari la hospitali, yote yakiwa na askari, na yote yakiachwa mafuta yalipokwisha au gurudumu lilipopasuka. "Hawakutengeneza hata moja," huniambia. "Likizima, wanashuka, wanaangalia barabara, wanakimbia." Vijana wa kijijini walitoka usiku na spana. Betri zilikwenda kwanza, kisha matairi. Nimemwuliza mara nyingi kama aliona kifaru hata kimoja. Hakuona. Vitu vizito vilikuwa vimebaki nyuma sana, kando ya barabara za Masaka na Mpigi, pale vilipozimika.

Hapa naomba nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kulikuwa na watu wa huku waliolijua somo hili kabla ya Amin. Mwaka 1944, katikati ya masika, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw huko Burma ikiwafuata Wajapani. Ilikuwa na askari wa King's African Rifles kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasaland. Barabara ilikuwa tope, na divisheni ilisonga kwa kadiri mafundi na wabeba magogo walivyoweza kuyasogeza magari. Waingereza wenyewe walikuwa wameanzisha kikosi maalumu cha mafundi wa jeshi tarehe 1 Oktoba 1942, wiki tatu kabla ya vita kuu vya El Alamein, baada ya kuona jangwani kwamba Wajerumani walikuwa wakivikokota vifaru vyao usiku, kuvitengeneza, na kuvirudisha vitani. Afrika Mashariki nayo ilipata kikosi chake cha mafundi wa umeme na mitambo. Baadhi ya waliorudi ndio waliofungua gereji za kwanza za Waafrika katika miji yetu. Amin alipenda kusimulia kwamba alipigana Burma. Aliingia jeshini mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha. Labda angelikaa kwenye tope la Kabaw wiki mbili angeliwathamini mafundi.

Mwenendo huu haukubadilika dunia ilipobadilika. Oktoba 1973, kwenye milima ya Golan, Israeli ilikuwa na vifaru vichache sana kuliko Syria. Vilivyopigwa mchana vilivutwa, vikatengenezwa nyuma kidogo ya mstari wa mapigano, vikarudishwa. Mapema 2022 dunia nzima ilitazama kwenye simu wakulima wa Ukraine wakivuta magari ya deraya ya Urusi kwa trekta. Watu walicheka. Mimi nilipoziona picha zile nilifikiria betri za nyanya. Jeshi lililokuja na maelfu ya magari lilikuwa linayaacha kwenye matope ya mwisho wa baridi, na aliyekuwa na kebo na muda ndiye aliyeyapata.

Kwa bahati njema vifaru vya Kenya havijawahi kupigana Busia. Desemba 1987, wakati wa Moi na Museveni, askari wa pande mbili walipigana risasi hapa mjini kwa siku kadhaa na watu wakafa. Kisha marais hao wawili wakakutana Malaba mwishoni mwa mwezi huo na kuyamaliza. Tangu 2018 wasafiri wanaovuka Busia wanakaguliwa mara moja tu, katika kituo kimoja cha pamoja. Vijana wa pande zote mbili bado wanaingia jeshini, lakini wanakwenda mbali. Waganda walifika Mogadishu Machi 2007, na baadaye vifaru vyao vya T-55 vikasaidia kuwasukuma Al-Shabaab nje ya jiji hilo. Wakenya waliingia kusini mwa Somalia Oktoba 2011, mvua zikiwa zinaanza, na kwa wiki kadhaa msafara wao ulishindwa na matope kabla haujashindana na adui. Kijana wa Busia aliyekuwa huko angeweza kuwaambia: tope ni lilelile, ni rangi tu iliyobadilika.

Somalia imeongeza jambo ambalo waliotoa oda ya 1977 hawakulifikiria. Adui wa leo hutega bomu njiani, gari moja linalipuka, kisha husubiri. Gari lililosimama ni chambo. Askari wanaweza kuliacha, na jioni litaonekana kwenye video, bendera nyeusi juu yake. Januari 2016 Al-Shabaab walipoivamia kambi ya Wakenya ya El Adde, waliyachukua magari ya jeshi na kuyapiga picha, na picha hizo ziliwafikia wazazi kabla ya taarifa kamili ya serikali. Au askari wanaweza kwenda kulichukua, na hapo kuna bomu la pili. Uamuzi huo hufanywa na ofisa kijana ndani ya dakika chache, na jibu lake linategemea sana kama nyuma yake kuna gari la kukwamua lenye deraya au lori la kawaida lenye kebo.

Nilimwuliza mjomba kama angekubali kazi hiyo, kwa mshahara wa jeshi. Aliniuliza kwanza kama dereva wa gari lililokwama bado yumo ndani. Nikamwambia, tuseme yumo. Akaniambia kwamba basi swali si la mshahara, akauliza winchi yao inavuta tani ngapi.